Maswali ya Wasomaji: Maji Ndani ya Majina ya Wagiriki

SWALI: Nakaa Mtoni, na jina la mtaa wetu halihitaji maelezo. Sasa mwanangu ana ramani ya Ugiriki ya kale, ananiuliza majina gani yana maji ndani yake. Nitayatambuaje? – Mzazi, Temeke

JIBU: Anza na therm-, yaani moto. Thermopylae ni "Milango ya Moto", kwa sababu ya chemchemi za maji moto yenye salfa pale chini ya mlima, ambapo Wagiriki walipambana na Waajemi mwaka 480 KK. Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, anaandika kwamba wenyeji waliyaita mabirika ya kuogea ya hapo Chytroi, vyungu. Ukiijua Maji Moto ya kule Mara, hilo halikupi shida.

Penye utata ni pege na krene. Pege ni jicho la maji lenyewe. Krene mara nyingi ni chemchemi iliyojengewa, mtu anakinga mtungi chini ya mdomo. Athens walikuwa na Kallirrhoe, "mtiririko mzuri". Watawala wa ukoo wa Peisistratos walipoijengea, ikaitwa Enneakrounos, "midomo tisa". Jina lilimfuata fundi. Kwingine lilimfuata mfalme: Krenides, "chemchemi ndogo", ilitwaliwa na Philip II, mfalme wa Makedonia, mwaka 356 KK ikawa Philippi, ile ile ya Waraka kwa Wafilipi.

Ila usiishike kanuni hiyo kama sheria. Hippokrene, "chemchemi ya farasi" mlimani Helikon, haikuhitaji fundi: Pegasos, farasi mwenye mabawa wa hadithi, alipiga kwato, maji yakabubujika. Mshairi Hesiod anasema farasi huyo aliitwa hivyo kwa kuzaliwa kando ya pegai (wingi wa pege) za Okeanos, mto wa hadithi unaoizunguka dunia. Wanaisimu wa leo wana shaka. Mwambie mtoto hayo ni maelezo ya mshairi.

SWALI: Je, ni kweli chemchemi ya Arethusa, Syracuse, inatokana na mto ulioko Ugiriki? – Msomaji, Kigamboni

JIBU: Hapana. Hadithi inasema mto Alpheios ulimfukuza Arethusa, jini wa kike wa maji, chini ya bahari hadi Sicily. Maji baridi yanayotoka hatua chache tu kutoka baharini yalihitaji kisa. Chanzo chake ni mvua inayozama kwenye mawe ya chokaa ya bara la Sicily kwenyewe, kisha inasukumwa juu kisiwani Ortygia. Watu walidai hata kikombe kilichotupwa kwenye Alpheios pale Olympia kiliibukia huko. Strabo, mwanajiografia wa kale, alikataa: mdomo wa Alpheios unaonekana wazi ukimwaga baharini, na hakuna shimo lolote linaloumeza.