Muulize Mwalimu: Kwa nini kipunji alibadilishiwa jina?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Binti yangu yuko kidato cha nne hapa Tukuyu. Daftari alilorithi kwa kaka yake linasema jina la kisayansi la kipunji, yule kima wa misitu ya huku kwetu, ni Lophocebus kipunji, kitabu cha maktaba kinasema Rungwecebus kipunji. Ashike lipi? Na hawa wataalamu, mbona hawatulii na jina moja?
Mzazi, Tukuyu

JIBU: Marahaba, mama. Ashike Rungwecebus kipunji. Lile la daftarini halikutungwa na mtoto: ndilo lililotumika tangu 2005 hadi 2006. Yaliyotokea katikati ya miaka hiyo nayapenda kuyafundisha kuliko orodha yoyote ya oda na familia.

Watu wa huko kwenu walimjua mnyama huyu kabla ya watafiti. Ni habari za wawindaji zilizowapeleka watafiti Mlima Rungwe, wakamwona mwaka 2003. Mwaka uliofuata kikundi kingine, bila habari ya wenzao, kikamkuta msitu wa Ndundulu kule Udzungwa, zaidi ya kilomita 300 kutoka hapo. Mwaka 2005 wakamtangaza kwa pamoja.

Walichokuwa nacho ni picha, sauti na waliyoyaona kwa macho. Desturi ya kazi hii ni kuua mmoja na kumhifadhi makumbusho awe kielelezo cha spishi. Hawakumuua, kwa kuwa walikwisha kuona kwamba ni wachache mno. Wapo wataalamu walionung'unika kwamba picha haitoshi kuwa kielelezo. Mimi nasema walifanya vema kabisa, na nikiulizwa darasani nasema hivyo hivyo.

Basi kwa umbo lake, na kwa kuwa anaishi juu ya miti, wakamweka jenasi (yaani kundi la spishi zilizo ndugu wa karibu) ya Lophocebus, pamoja na wale kima wakubwa weusi wa misitu ya Uganda na Kongo. Kwa ushahidi uliokuwepo, ndiko alikostahili.

Mwaka huohuo wa 2005 kipunji mmoja dume, bado hajakomaa, akafia kwenye mtego katika shamba la mahindi karibu na Rungwe. Sasa likapatikana fuvu, ikapatikana na nyama ya kupimwa vinasaba. Vinasaba vikasema ndugu yake wa karibu ni nyani, yule yule anayewaibia mahindi. Lakini fuvu likakataa: nyani ana mdomo mrefu uliochongoka, kipunji uso wake ni mfupi. Kwa Lophocebus hakukaa, kwa nyani hakukaa. Mwaka 2006 akafunguliwa jenasi yake mwenyewe, ikaitwa kwa mlima wenu. Afrika haikuwa imepata jenasi mpya ya kima tangu 1923!

Kwa hiyo, mama, jina la kwanza la mnyama ni maelezo ya ukoo wake, na ukoo ukijulikana vizuri zaidi maelezo hubadilika. Jina la pili kanuni inalilinda: hata akihamishwa jenasi, kipunji hubaki kipunji.

Mjadala haujaisha. Baadaye ilionekana kwamba vinasaba vinavyorithiwa kwa mama peke yake, kwa vipunji wa Rungwe, vinafanana na vya nyani wa manjano, lakini kwa wale wa Ndundulu sivyo. Wengi wanaona hapo zamani vipunji wa Rungwe waliwahi kuchanganya damu na nyani. Ndiyo maana vipimo vya awali viliwaonyesha wako karibu mno. Hata hivyo jenasi ya Rungwecebus imeendelea kutumika.

Kwenye mtihani binti aandike Rungwecebus kwa herufi kubwa mwanzoni, kipunji kwa herufi ndogo, kisha apigie kila neno mstari wake peke yake. Wasahihishaji hawasamehi mstari mmoja uliounganisha maneno yote mawili.