Kuweka habari za RSS kwenye websaiti: mambo ya kushika mapema

Wadogo zangu mnaokuja field hapa Dodoma, wa UDOM na vyuo vingine, mkishapewa websaiti ya ofisi muisimamie jiandaeni kuambiwa "weka habari pale pembeni ziwe zinajibadilisha zenyewe". Bosi akisema hivyo anataka RSS hata kama jina halijui, yaani orodha ya habari mpya ambayo websaiti nyingine inaiweka wazi ili programu ziisome, orodha hiyo ndo tunaiita fidi. Kuisoma si kazi, ni faili la XML tu, ndani kuna item nyingi na kila item kwa kawaida ina title, link, description na pubDate (tarehe ya kuchapishwa), kwa PHP unatumia simplexml, kile kisomaji chake cha XML, na foreach moja ya kupitia item zote, mistari haifiki hata kumi, vichwa vya habari vinashuka unaita wenzako waje waone. Wengi hapo ndo wanafunga laptop wanaenda kula chipsi mayai.

Sasa shida iko hapa, ile skripti inaenda kuchota fidi kila mtu anapofungua ukurasa. Mtu yuko Kongwa kafungua websaiti yenu, seva yenu inapiga hodi kwenye seva ya wenye fidi, tuseme wako London, inasubiri ijibiwe ndo imalizie ukurasa, na wale wakisuasua na nyie mnasuasua. PHP isipoelekezwa vingine inasubiri mpaka sekunde 60, nani atakaa dakika nzima bando linakatika? Lawama haziendi London, zinakuja kwako. Halafu wenye fidi wakiona IP moja inawagongea muda wote wanaweza kuifungia kabisa.

Dawa yake ni kuweka nakala kwenye seva yako. Simtank tu hiyo, unajaza maji yakitoka na unatumia hata yakikatika. Skripti iangalie filemtime ya ile nakala, yaani muda ilipobadilishwa mwisho, kama haijapita sekunde 900 isome hapohapo isitoke nje, ikipita ndo iende kuchota, tena kwa curl na uweke CURLOPT_TIMEOUT (mwisho wa kusubiri) sekunde 5 hivi, maana hosting nyingi za bei poa wanazima allow_url_fopen, ile ruhusa ya PHP kufungua URL kama faili, na ile simplexml_load_file ya URL inagoma. Ulicholetewa usikiamini mpaka simplexml ikisome bila kosa, muda mwingine unaletewa ukurasa wa HTML wa "samahani tuna matengenezo", ukiuandika juu ya nakala nzuri umekwisha. Andika kwenye faili la pembeni kwanza halafu rename lichukue nafasi ya nakala ya zamani. Na hiki watu wengi hawakijui: uchotaji ukifeli ipige touch ile nakala ya zamani, yaani muda wake uwe wa sasa bila kugusa kilichomo, la sivyo filemtime inabaki ya kale na kila mgeni anayeingia anaanza kuchota upya, yaani umerudi kulekule. Kama hosti wako anakupa cron, ile ya kuendesha skripti yenyewe kwa ratiba, ndo safi zaidi, uchotaji unafanyika huko na mgeni hasubirishwi kabisa.

Mengine ni madogo ila yanaumbua. Kila kinachotoka kwenye fidi pitisha htmlspecialchars ili alama za HTML zionekane kama maandishi tu, description ianze na strip_tags ya kuondoa tagi, na linki hakikisha inaanza na http, maana hujui aliyeiandika ni nani. Muda kwenye pubDate mara nyingi ni GMT, weka Africa/Dar_es_Salaam, la sivyo habari ya saa 2 asubuhi inasomeka 05:00 na mzee mmoja ofisini atapiga simu, yupo kila ofisi huyo. Ukikuta hakuna item ila kuna entry ujue hiyo ni Atom, aina nyingine ya fidi, linki yake imekaa kwenye href, usihangaike kutafuta kosa kwenye foreach.

Bosi akitaka habari nzima ionekane kwenu mkatalie kwa heshima, onyesha kichwa, sentensi moja mbili na linki ya kwenda kwa wenyewe, soma na masharti yao ya matumizi, ile ni kazi ya watu.

Kabla hujakabidhi, zile 900 zifanye 1 kwa muda, halafu haribu URL ya fidi makusudi, ufungue ukurasa. Ukifunguka chap na habari za zamani bado zipo, rudisha kila kitu kama kilivyokuwa ukampelekee. Ukiganda, usimwite bosi bado.