Adapta inakubali simu moja, inagoma nyingine

Dada, adapta ya Type-C ya kuchomekea hedifoni inayotoa sauti kwenye simu ya mdogo wako na kwako iko kimya, usiitupe, huenda ni nzima. Ziko za aina mbili. Moja ni waya mtupu: inasubiri simu yenyewe itoe sauti ya analogi, ile hedifoni za waya huitumia moja kwa moja, kupitia tundu la chaji, na Samsung Galaxy nyingi za sasa zisizo na tundu la hedifoni hazitoi. Nyingine ina chipu ndani, DAC, inayogeuza sauti ya dijitali ya simu kuwa ya analogi. Hiyo ndiyo ya kutafuta.

Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Ukija Mtwara mjini kutoka Newala njoo na simu yako na hedifoni zako, uchomeke kabla ya kulipa, maana nauli ya kurudi kubadilisha inauma. Piga wimbo, kisha mpigie mtu. Kuna zinazotoa muziki safi na maiki haisikiki kabisa.

Hedifoni za Bluetooth usizipime kwa video tu, programu nyingi za video huchelewesha picha kusubiri sauti. Fungua gemu, bonyeza, sikiliza inachelewa kiasi gani. Halafu tia simu mfuko wa nyuma utembee: mwili huzuia mawimbi, na zilizo dhaifu hukatakata hapo hapo.