Usimkemee mbele ya wenzie

Walimu wenzangu, hili nimekaa nalo muda mrefu, leo acha niliseme. Nilikuwa na kijana wa kama miaka 16, kila kipindi cha kwanza kichwa kiko juu ya dawati, kofia ya sweta imemfunika, daftari hata halijafunguliwa. Mimi nikaona dharau. Siku moja nikamwita jina kwa sauti, nikamwambia kama umekuja kulala si ungebaki kwenu, darasa zima likacheka. Akanyanyuka, kiti kikaanguka nyuma yake, akatoka, na siku 4 hakuonekana shuleni. Kumbe nyumbani kulikuwa na mgonjwa na yeye ndo alikuwa anakesha nae. Yaani mpaka leo kile kiti nakisikia.

Toka siku ile nimeshika kitu kimoja: mtoto mwenye mzigo moyoni, karibu kila unachotaka kumwambia mwambie pasipo na macho ya wenzie. Kwa umri huu kuaibishwa mbele ya marafiki kunauma kuliko adhabu yoyote, na akishaaibika hakusikii tena, anajitetea tu. Halafu tukumbuke ile sehemu ya mbele ya ubongo inayosaidia mtu kuzuia hasira na kupima matokeo inaendelea kukomaa mpaka kwenye miaka ya 20 na kitu, kwa hiyo ukimfokea "jidhibiti!" wakati ana stresi unamdai kitu ambacho bado kinajengwa.

Na tusidhani shida ya moyo lazima ije na machozi. Kwa vijana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, mara nyingi inajitokeza kama hasira, kila kitu kinamkera, anajibu ovyo, au anaacha kitu alichokuwa anakipenda, aliyekuwa hakosi mazoezi ya mpira sa hivi hataki hata kuusikia. Ukiona mabadiliko ya hivyo yamekaa wiki 2 mfululizo usiseme "ni ujana tu", mpeleke kwa mshauri nasaha wa shule. Mie huwa naandika nilichokiona, tarehe na saa, "alitoka nje mara 3 kipindi cha saa nne", siandiki "mkorofi", maana neno hilo halimsaidii yeyote atakayelisoma.

Akilipuka darasani, maneno yako yawe machache. Shusha sauti, simama ubavuni kwake sio uso kwa uso, usimzibie mlango, wape wengine kazi ya kufanya ili wasigeuke kumtazama, halafu mwambie sentensi moja tu kama "nipo hapa, chukua muda wako" na unyamaze kweli. Mahubiri hayaingii muda huo. Ya nidhamu yapo, sikatai, ila yasubiri mpaka pumzi imerudi.

Jingine, na hapa naomba tuwe makini sana: usimuahidi mtoto kwamba siri yake hutamwambia mtu. Mwambie mapema kabisa, "nitakusikiliza, lakini nikiona uko hatarini itabidi nimhusishe mtu wa kutusaidia." Na akigusia kutaka kufa, muulize wazi kama anafikiria kujiua. Wengi tunaogopa kwamba swali litampandikizia wazo, halimpandikizii, mara nyingi linamtua mzigo. Usimwache peke yake hata dakika moja, na mshauri au mkuu wa shule ajue siku hiyo hiyo, sio kesho. Wewe ni mwalimu sio daktari, kazi yako ni kuona, kusikiliza na kumfikisha kwa wenye utaalamu.

Sasa yule kijana. Aliporudi nilisubiri wenzie watoke nikamwambia, "Mwanangu, nilikukosea juzi, naomba unisamehe." Akaangalia chini akasema "sawa mwalimu," basi. Ila kesho yake alibaki mwenyewe bila kuitwa. Tukapatana: siku akizidiwa anaweka raba yake ya kufutia kwenye kona ya dawati, mimi nikiiona naitikia kwa kichwa, anatoka kimya kimya anaenda ofisi ya mshauri, mshauri anajua atakuja, dakika 10 anarudi. Na kazi nikampunguzia, maswali 4 badala ya 10, yale magumu yakiwemo, maana nilitaka kujua kama ameelewa, sio kama ana nguvu za kuandika. Kuna mwenzangu alisema namdekeza. Sikubaliani nae kabisa, kabla ya hapo tulikuwa tunapoteza kipindi kizima.

Wiki ya kwanza raba ilikaa kona karibu kila siku, nilianza kuingiwa na wasiwasi kwamba anakwepa somo, ila nikavumilia, na taratibu zikaanza kupita siku 3, siku 5 haijasogea. Na kwenye kurudi ndo tunaharibu wengi, mtoto anaingia tunamuuliza "haya, umepoa?" na vichwa 40 vinageuka. Usimuulize kitu. Endelea kufundisha, pita karibu na dawati lake, muoneshe kwa kidole ukurasa mliofika.