Usibonyeze ACK kabla hujasoma

Mwaka wangu wa kwanza wa zamu ya usiku, kwenye kiwanda kimoja cha maziwa hapa Arusha, kidole changu kilikuwa chepesi kuliko macho. Alamu ikilia nabonyeza ACK, kitufe cha kukubali alamu, kelele inakatika, narudi kwenye chai.

Usiku mmoja wa Julai, ile baridi ya kwetu inayomfanya mtu asinzie amekaa, kioo cha mashine kikaandika kwamba joto la pastaraiza, mtambo wa kuchemsha maziwa ili kuua vijidudu, liko chini ya nyuzi 72. Nikabonyeza. Mstari mwekundu ukaacha kumetameta, nami nikadhani mambo yametulia. Dakika 40 baadaye mzee wa boila akaja kuuliza mbona tangi halijai. Kumbe valvu ya kugeuza njia ilikuwa inafanya kazi yake: maziwa ambayo hayakufikia joto hilo ilikuwa ikiyarudisha yalikotoka, yanazunguka tu.

“Kijana, ulisoma au ulinyamazisha?”

Sikuwa na jibu. Tulipofungua orodha ya alamu, alamu ya kwanza haikuwa ya joto hata kidogo. Ilikuwa ya hewa ya kompresa, dakika mbili kabla. Valvu yetu ya mvuke hufunguliwa na hewa. Hewa ikipungua, mvuke haupiti, na joto lazima lianguke. Zote mbili nilizikubali kwa mkupuo mmoja.

ACK maana yake ni “nimeona”, basi. Kwenye kontrola nyingi, yaani kompyuta zinazoendesha mashine, mstari unaometameta ni alamu ambayo bado haijakubaliwa. Uliotulia na bado mwekundu ni tatizo lililokubaliwa lakini lipo palepale. Nyingine hujifunga: hata hali ikirudi sawa, haitoki mpaka uifute kwa kitufe cha riseti. Rangi hutofautiana, kwa hiyo soma kitabu cha mashine yako.

Umeme ukikatika na kurudi, ambapo alamu 30 huja pamoja, usianze na ya juu. Orodha nyingi huweka mpya juu. Panga kwa saa, shuka mpaka ya kwanza, maana chanzo mara nyingi kimelala huko chini. Na usilaumu ubongo wako ukichanganyikiwa: Julai 1994, kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta cha Milford Haven, Uingereza, waendeshaji wawili walipata alamu 275 katika dakika 11 za mwisho kabla ya mlipuko.

Unapokabidhi zamu, andika daftarini zilizokubaliwa ambazo bado ziko hai. Mwenzako hatasikia kengele uliyoinyamazisha wewe.

Kuna jambo nililichelewa mno kulijua. Tangi letu la maji ya moto, ambalo ni la wazi, lilikuwa na alamu ya joto la juu iliyowekwa nyuzi 98. Nadhani namba hizo zilinakiliwa kutoka mashine ya Dar. Miaka yote haikuwahi kulia, tukaisifu. Sasa Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, na maji huku huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Yangechemka mpaka yakauke, alamu ile isingelia. Tuliishusha hadi 90, na wiki hiyohiyo ikalia mara mbili.