Karantini Malta haikuanza na tauni ya 1813

Hapana ndugu, si kweli kwamba karantini Malta ilianza na tauni ya 1813; ilikuwepo muda mrefu kabla yake. Lazareto yao, yaani jengo la karantini, kwenye kisiwa kidogo mkabala na mji mkuu Valletta, ilijengwa 1643. Abiria walisubirishwa humo, na hata barua hazikusalimika: zilichanjwa kwa kisu, zikafukizwa moshi na kuchovywa siki! Mkosi wa tauni hiyo uliletwa na meli San Nicola kutoka Alexandria, Machi 1813. Ilitengwa, lakini inadhaniwa kitani kilitoroshwa kutoka humo kwa magendo. Walikufa watu wapatao 4,500. Gavana Mwingereza Maitland, aliyefika Oktoba, alizingira vijiji kwa askari. Kijiji cha Qormi kilibanwa hasa. Kiroboto wa panya, mwenye kesi yenyewe kwa kuwa ndiye anayeeneza tauni, hakuna aliyemshuku.