Karatasi Safi, Stoo Tupu: Kwa Wakaguzi Wapya wa Hesabu za Umma

Mtoto mmoja wa timu yangu ameniletea picha ya tangi la maji kwenye simu. "Madam, tangi la Changamwe nimelithibitisha." Nikamuuliza picha kaipiga nani. Akajibu, "Mhasibu wa hapo hapo tunapopakagua, akanitumia kwa WhatsApp." Nikaikuza ile picha. Nyuma ya tangi kulikuwa na shamba la majani chai, kijani kitupu mpaka ukomo wa macho. Changamwe, Mombasa hii ya joto, chai itoke wapi! Nilimrudisha aende kwa miguu yake, kisha nikacheka peke yangu ndani ya tuktuk mpaka dereva akanitazama kwenye kioo.

Nawapenda, wanangu, lakini mnanichosha. Kila mwaka kundi jipya, makosa yale yale. Hesabu za mwaka uliofungwa 30 Juni zatufikia mwisho wa Septemba, na ripoti yatakiwa kabla Desemba haijatoka. Katikati hapo hakuna mtu mwenye nafasi ya kumfundisha mtu. Basi someni haya mkiwa kwenye foleni ya feri Likoni, foleni yenyewe itawatosha.

1. Nenda ukaone kwa macho yako. Najua mmefundishwa, nami nilifundishwa. CPA yangu, cheti cha uhasibu, ilikuwa mbichi, nikapelekwa kukagua taasisi moja ya umma hapa hapa kisiwani, sitaitaja. Walikuwa wamenunua mabati, mbao na saruji za kukarabati nyumba za wafanyakazi. Faili lilikuwa limekamilika kama mfano wa darasani: LPO ya kuagiza mali, hati ya mzigo, S13 ambayo mtunza stoo hutia saini kwamba mali imepokewa, kumbukumbu za kamati ya upokezi zenye saini zote, invoisi, vocha, kila kitu kwa tarehe yake. Mafaili mengine ya pale yalikuwa jalala, hili limefungwa uzi. Hilo peke yake lilitosha kunishtua, lakini mimi nililishukuru. Nikatia tiki zangu za kijani, nikaandika "hakuna hoja", yaani sikuona kasoro ya kuuliza, nikaweka herufi za jina langu.

Mtunza stoo alikuwa mzee wa makamo, kofia ya vito, sauti ya chini. Aliniuliza, "Mwanangu, wataka kuiona stoo?" Nikamwambia, "Mzee wangu, karatasi zimetosha." Ilikuwa Ijumaa, naye alikuwa na swala, nami nilikuwa na feri yangu kichwani. Nilipokuwa nafunga mkoba akaniuliza tena, funguo ziko mkononi. Nikamwambia, "Usijisumbue, mzee." Kwa ukarimu wangu! Leo ndio najua kwamba mtunza stoo hamuulizi mkaguzi mara mbili kwa sababu ya tabia njema. Hakuweza kusema, kwa kuwa mkubwa wake alikuwa ukumbini anatusikia. Alichokuwa nacho ni funguo, na alizitikisa mbele yangu.

Mwaka uliofuata timu nyingine ilifungua ule mlango. Magurudumu makuukuu, mafagio, ndoo ya rangi iliyokauka. Bati halikuwahi kuingia hata moja. Mzee alikuwa ameambiwa, "Tia saini S13, mali iko njiani, mwaka wa fedha unafungwa," akatia. Wakubwa walipoitwa kujieleza walitoa nini? Karatasi yangu. "Hata mkaguzi wa mwaka jana aliridhika." Herufi zangu zikawa ngao yao. Mzee akasimamishwa kazi, maana saini ya kupokea ni yake. Mkubwa wake akahamishwa, na nasikia kule alikohamia ofisi ilikuwa na kiyoyozi.

Nilimwandikia kiongozi wangu taarifa kwamba sikuingia stoo. Nikapewa barua ya onyo, na imo ndani ya faili langu mpaka leo, nami naona ilikuwa ndogo. Kisha nikamtafuta mzee nyumbani kwake Mikindani. Sijui nilitaka nini, labda nitukanwe. Hakunitukana. Mkewe aliniletea sharubati ya ukwaju, akakaa, akaniuliza kama namjua mtu yeyote wa pensheni. Nilikuwa simjui. Nilikunywa ile sharubati yote kwa sababu sikuwa na jingine la kufanya.

Kwa hiyo mkiniona nakasirika juu ya picha ya tangi, msiseme Madam ana kisirani cha joto la kaskazi.

2. Soma Katiba ya Kenya, kifungu cha 226, kijisehemu cha tano. Afisa wa umma anayeidhinisha matumizi ya fedha kinyume cha sheria hubeba hasara hiyo yeye mwenyewe, hata akiwa ameshaondoka ofisini. Wasomee wahasibu na watunza stoo kwa upole, kabla ya ukaguzi, siyo baada. Mkubwa akimwambia mtu "tia tu saini", na aombe agizo hilo kwa maandishi. Mara nyingi maandishi hayaji, na saini nayo haitiwi.

3. Hakuna bahasha. Bahasha ni za sinema. Mombasa hongo huja na adabu zake. Mwaka mmoja, Ramadhani, lilikuja sinia nyumbani limefunikwa kawa: biriani, na salamu za "jirani wa kazini". Kesho yake vitobosha na kaimati. Keshokutwa doti ya leso, na leso nzuri, msinifanye niseme uongo. Halafu simu: "Dadangu, ile hoja ya masurufu ya safari, huwezi kuilainisha maneno kidogo? Mkono mtupu haulambwi, na wetu si mtupu." Hapo ndipo nilipojua mimi nalambishwa. Leso ilirudi na dereva, aliyeileta akatia saini kwamba amepokea. Nikaripoti kabla ya siku kwisha, maana Sheria ya Hongo ya 2016 humpa afisa wa umma saa 24 tu za kuripoti hata shaka, si lazima uwe na hakika. Biriani ilikuwa imeshaliwa, nikaiandika hivyo hivyo kwenye taarifa: "imeliwa na familia." Kiongozi wangu aliisoma kwa sauti mbele ya ofisi nzima. Tangu hapo sinia la mtu nisiyemjua halivuki kizingiti, na wanangu hawajanisamehe.

4. Wasichana, hili lenu. Mtaingia ofisini na dereva, na mwenyeji atampa mkono dereva, amkaribishe kiti, kisha akuulize wewe kama chai iko tayari. Wakati naanza, mwanamke kwenye timu alikuwa wa kuandika kumbukumbu na kukusanya vikombe. Leo Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ni Nancy Gathungu, tangu 2020, mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho, na Msimamizi wa Bajeti tangu 2019 ni Margaret Nyakang'o. Lakini habari hizo hazijawafika wakuu wote wa fedha. Usigombane. Kaa kwenye kiti cha mbele, fungua barua ya utambulisho, omba kitabu cha fedha. Mimi nilimwacha mmoja ampe dereva wetu maelezo ya bajeti nzima. Dereva alikuwa mtu wa Kwale, mpole, akaitikia kwa kichwa hadi mwisho, halafu akasema, "Haya yote mwambie huyu mama, mie natafuta pa kuegesha gari."

Na mkome kuchanganya afisi hizo mbili kwenye barua zenu. Msimamizi wa Bajeti huidhinisha fedha zikitoka, sisi wa Mkaguzi Mkuu twaja zikishatumika.

5. Haya madogo, ya haraka. Barua ya kuthibitisha salio iende benki na jibu lije kwako, lisipitie mkononi mwa mhasibu. Pesa taslimu zihesabiwe asubuhi bila taarifa, karani akiwapo, atie saini. Masurufu yarejeshewe hesabu ndani ya siku saba za kazi baada ya safari, kwa hiyo anza na tarehe. Linganisha tiketi ya kazi ya gari, ile inayoandikwa safari zake, na risiti ya mafuta, nimewahi kuona pikapu iliyonywa lita nyingi kuliko tangi lake. Vocha za wiki ya mwisho ya Juni zisome zote, usichukue sampuli. Zabuni ikigawanywa vipande vidogo, vijumlishe.

Bei tatu kutoka kampuni tatu ziweke mezani pamoja, usizisome moja moja. Nilipata tatu za vifaa vya ofisi, anwani tatu, mihuri mitatu, na zote zimekosea neno lile lile kwa herufi ile ile. Mwenye kuziandika alikuwa mmoja, na shule hakuipenda.

6. Andika hoja kama mtu mwenye uti wa mgongo. "Imeonekana huenda kuna uwezekano" si hoja, ni kikohozi. Sema sheria yataka nini, umekuta nini, pesa ngapi, nani ameidhinisha.

7. Hati zinazokuja baada ya kikao cha mwisho. Mtaombea vocha Oktoba nzima, mtaambiwa zimepotea, zimeloa, zimekwenda Nairobi. Rasimu ya ripoti ikitoka, zafufuka zote. Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya 2015 inalifanya kosa kumficha mkaguzi hati, kwa hiyo kila unachokiomba kiombe kwa maandishi na tarehe. Zikija, zipokee, zigonge muhuri wa siku, kisha zisome kuliko ulivyozisoma nyingine.

Mimi niliwahi kuletewa vocha ya namna hiyo jioni, mhasibu mwenyewe kaibeba, jasho linamtoka. Nikaangalia tarehe, nikatoa kalenda. Imetiwa saini tatu siku ya Idi.

"Mlikuja kazini Idi?"

"Kazi ya umma haina sikukuu, Madam."

Nikamwomba daftari la mlinzi wa lango la siku hiyo. Akasema anakwenda kulileta mara moja. Vocha yake ninayo bado.